Ukurasa wa Soka Ukichacha: Dalili, Chanzo na Dawa

Ukifungua ukurasa wa Ndanda FC kwenye Wikipedia ukakuta imeandikwa kuwa "kwa sasa inashiriki Ligi Kuu", usikimbilie kufuta. Jiulize kwanza sentensi hiyo iliandikwa lini. Wanakuchele, yaani Ndanda, walipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15 na wakashuka msimu wa 2019/20 ulipokwisha. Kwa misimu hiyo sita sentensi ilikuwa kweli tupu. Aliyeiandika hakumdanganya mtu. Alikosea kitu kimoja: hakuacha tarehe, kwa hiyo aliyekuja nyuma yake hakujua kama anasoma habari ya leo au ya juzi.

Nahariri kurasa za soka kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kwa simu, nikiwa hapa Mtwara mjini. Mechi nyingi naziangalia kwenye banda la mpira kule Magomeni, na ubishi wa bandani ndio ulionifundisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote. Watu wakibishana kuhusu Samatta au Namungo, mmoja anatoa simu, anasoma kwa sauti, na kilichoandikwa kinakuwa hukumu. Ndiyo maana naichukulia kazi hii kwa uzito. Namba mbovu tunayoiacha leo itarudiwa redioni, itaingia kwenye chemshabongo ya shule, na baada ya mwaka itarudi kwetu ikijiita chanzo.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, maana tatizo hukujia hivyo: unaona kitu hakikai sawa, lakini hujui kimeharibikia wapi.

Mabao ya kwenye kisanduku hayalingani na unayoyajua

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na mara nyingi jibu lake ni kwamba hakuna kilichoharibika.

Mfano ni Mbwana Samatta pale Aston Villa. Alijiunga nao Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Februari 1 akaifunga Bournemouth. Machi 1 akafunga tena, safari hii Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Aliyekuwa bandani siku ile hawezi kulisahau lile bao la kichwa cha kujirusha. Sasa mtu huyo anafungua ukurasa, anatazama kisanduku cha pembeni, anakuta Aston Villa mechi 14, bao 1. Damu inamchemka. Anabadilisha 1 kuwa 2 na kwenye muhtasari anaandika "nimesahihisha".

Kumbe kisanduku cha mchezaji, kwa desturi ya wahariri wa soka, huhesabu mechi za ligi pekee. Bao la Wembley lina nafasi yake kwenye maelezo ya ukurasa na kwenye jedwali la takwimu lililo chini, ambako vikombe vina safu yao. Kabla ya kugusa namba, shuka mpaka kwenye maandishi madogo chini ya kisanduku usome yanachosema. Kama ni ligi tu, basi na wewe linganisha na hesabu ya ligi tu.

Chanzo cha pili ni kibaya zaidi kwa sababu hakionekani kwa macho: bao moja kuhesabiwa mara mbili. Chukua mchezaji wa kubuni mwenye mabao 7. Jumamosi jioni anafunga. Mimi niko Mtwara, naingiza 8. Mwenzangu wa Lindi alikuwa kazini, anafika nyumbani saa 3 usiku, anajua jamaa kafunga, anaiona ile 8, anadhani ndiyo ya zamani, anaweka 9. Wote wawili tulikuwa na nia njema. Lakini ukurasa sasa una bao ambalo halijawahi kuingia wavuni, na wiki ijayo atakayeongeza ataongeza juu ya kosa.

Dawa yake ni mstari wa tarehe. Kigezo cha mchezaji, yaani fomu inayounda kile kisanduku, kina sehemu mbili za tarehe ya kusasisha, moja ya klabu na moja ya timu ya taifa. Ukibadilisha namba, badilisha na tarehe palepale, kabla ya kubonyeza kuchapisha. Mwenzangu angeona "hadi" tarehe ya Jumamosi ile, angejua bao limeshaingizwa, angeenda kulala. Hili nalisisitiza kwa kila kijana ninayemwelekeza: kama huna nafasi ya kubadilisha tarehe, acha na namba. Ukurasa uliopitwa na wiki tatu lakini unaosema wazi umeishia wapi ni mzima. Ukurasa uliobadilishwa jana usiosema kitu ndio mgonjwa.

Ukikuta hesabu imeshavurugika, usitoe wala usijumlishe kwa kukisia. Fungua historia ya ukurasa, rudi nyuma hadi pale namba na tarehe zilipobadilishwa pamoja kwa mara ya mwisho tena pakiwa na chanzo, kisha uanzie hapo kuhesabu mechi moja moja. Mchezaji mmoja anaweza kukulia jioni nzima. Upande wa timu ya taifa una utata wa ziada, kwa kuwa vyanzo vingine huhesabu mechi za CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na vingine huziweka kando. Chagua chanzo kimoja, kitaje, ubaki nacho. Ukichanganya viwili utapata namba isiyopatikana popote duniani.

Sentensi ilikuwa sahihi, leo si sahihi, na hakuna aliyeigusa

Chanzo chake ni maneno yanayooza: "kwa sasa", "mpaka leo", "msimu huu", "hivi karibuni", "nahodha wa sasa". Tunayapenda kwa sababu ndivyo tunavyoongea. Lakini angalia Samatta tena. Baada ya Villa alikwenda Fenerbahçe mwaka huohuo wa 2020, akatolewa kwa mkopo Antwerp na kisha Genk, akaenda PAOK mwaka 2023, akaenda Le Havre mwaka 2025. Kila "kwa sasa anachezea" iliyoachwa njiani iligeuka uongo yenyewe, bila mtu kuweka mkono.

Dawa ni kubadilisha kitenzi. "Alijiunga na PAOK mwaka 2023" itabaki kweli hata wakiisoma wajukuu zetu. Vivyo hivyo kwenye makombe: usiandike "Yanga ina ubingwa mara 31", andika "hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 Yanga ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara 31". Simba, hadi msimu huohuo, mara 22. Ukiandika hivyo, shabiki wa upande wowote akija kuongeza anajua anaongezea wapi.

Ruangwa kuna mfano wa aina yake. Namungo wanatumia uwanja uliopewa jina la Kassim Majaliwa. Sentensi nyingi kuhusu uwanja huo humtaja kama Waziri Mkuu na kuishia hapo. Jina la uwanja linaweza kukaa miaka hamsini, cheo hakikai. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, basi andika miaka hiyo.

Mimi hufanya msako mara moja kwa mwezi, na kila dirisha la usajili linapofungwa. Naandika kwenye sehemu ya kutafutia "kwa sasa" pamoja na jina la klabu, halafu napitia kurasa zinazotokea moja baada ya nyingine. Nusu saa inatosha, na bando linalotumika ni dogo.

Jina limebadilika, na mtu amelibadilisha kila mahali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili hufanywa na watu makini, tena kwa mapenzi.

Mzee Benjamin Mkapa alifariki Julai 2020 akazikwa kijijini kwake Lupaso, wilayani Masasi. Mwezi huohuo Uwanja wa Taifa pale Dar es Salaam ukapewa jina lake. Kwa sisi watu wa Mtwara lile lilikuwa jambo letu, na nawaelewa wahariri walioingia kurasa baada ya kurasa kubadilisha "Uwanja wa Taifa" kuwa "Uwanja wa Benjamin Mkapa". Shida ni kwamba jina "Uwanja wa Taifa" limebeba viwanja viwili. Huu wenye viti 60,000 ulifunguliwa mwaka 2007. Kabla yake, Uwanja wa Taifa ulikuwa ule wa jirani yake, ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru. Kwa hiyo mechi ya mwaka 1980 au 1993 iliyoandikwa "Uwanja wa Taifa" ilichezwa kwenye ule wa zamani, na ukiibadilisha kuwa Mkapa umewahamisha watu elfu nyingi kutoka uwanja waliokaa kwenda uwanja ambao haujajengwa.

Nililipata hili kwa mzee mmoja kwenye kijiwe cha kahawa Mikindani. Alikuwa akisimulia fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba na Stella Abidjan. Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza kama naye alikwenda Dar.

"Marahaba, mwanangu. Nilikwenda. Tulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, daraja lilikuwa bado."

Nikamsomea kwenye simu ukurasa ambao nilikuwa nimeusahihisha mwenyewe wiki iliyopita, uliosema mechi ilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Akaweka kikombe chini kwenye mkeka, taratibu.

"Uwanja huo haukuwepo. Sisi tulikaa ule wa zamani, jua la uso."

Alikuwa sahihi kwenye yote mawili. Daraja la Rufiji, ambalo nalo lina jina la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003, na uwanja mpya ulikuja miaka minne baadaye. Nilirudi nyumbani nikatengua kazi yangu ukurasa kwa ukurasa. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu: jina la wakati wa tukio ndilo linaloandikwa, na kama msomaji anaweza kuchanganyikiwa, naongeza "leo Uwanja wa Uhuru" au "leo Uwanja wa Benjamin Mkapa", kutegemea mwaka. Kabla ya 2007 ni Uhuru. Kati ya 2007 na 2020 usibuni, tafuta chanzo kinachosema ni upi, maana vyote viwili vilikuwa vinatumika.

Madaraja ya ligi yana mtego wa namna hiyohiyo, na timu zetu za Kusini ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa zinapanda na kushuka. Mpaka msimu wa 2020/21, ngazi ya pili chini ya Ligi Kuu iliitwa Ligi Daraja la Kwanza. Kuanzia 2021/22 ngazi hiyo inaitwa Championship, na ile ya tatu, iliyokuwa Daraja la Pili, ndiyo inayoitwa First League. Sasa mtu anakuta Ndanda ilishuka mwaka 2020 kwenda "Daraja la Kwanza", anajua First League maana yake ni hiyohiyo, anaunganisha kiungo huko. Timu imeshuka ngazi mbili kwenye karatasi bila mpira kupigwa. Dawa yake ni kuandika ngazi pamoja na jina: "Ligi Daraja la Kwanza, ngazi ya pili wakati huo".

Majina ya wadhamini nayo yanabadilika, na siyaandiki kwenye maelezo ya jumla hata kidogo. "Ligi Kuu Tanzania Bara" inamtosha msomaji wa leo na wa baadaye.

Kisha kuna makombe ya Afrika, ambako ubishi wa "nani wa kwanza" haufi. Mmoja anaandika kuwa Simba ndiyo klabu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali ya CAF. Mwingine anafuta, anaandika Yanga. Nimeona sentensi moja ikigeuzwa hivyo mara nyingi, na kila mmoja ana hasira za haki. Ukweli ni kwamba wote wawili wana hoja, ila wanazungumzia makombe mawili tofauti. Kombe la CAF lilikuwepo kuanzia 1992 hadi 2003, na Simba ilicheza fainali yake 1993: sare ya 0-0 Abidjan, kisha kufungwa 2-0 Dar es Salaam. Mwaka 2004 kombe hilo liliunganishwa na Kombe la Washindi, likazaliwa Kombe la Shirikisho Afrika. Fainali ya kombe hili jipya klabu ya kwanza ya Tanzania kuifikia ni Yanga, mwaka 2023, dhidi ya USM Alger: walifungwa 2-1 nyumbani, wakashinda 1-0 Algiers, wakakosa kombe kwa bao la ugenini. Simba nayo ikafika fainali hiyo mwaka 2025, ikapoteza kwa RS Berkane. Andika jina kamili la kombe na mwaka, na ugomvi unaisha, kwa kuwa kila upande unapata haki yake.

Na AFCON: jina la mashindano si mwaka yalipochezwa. AFCON 2023, ile ya Ivory Coast ambapo Msuva aliifunga Zambia, ilichezwa Januari na Februari 2024. Kombe la Afrika la wanawake la 2024, ambalo Twiga Stars walishiriki, lilichezwa Julai 2025. Ukiona mtu "amesahihisha" mwaka, angalia kama alisahihisha jina au tarehe.

Namungo wamepewa kombe ambalo hawakulitwaa

Dalili hii ni yetu wenyewe. Namungo, Wauaji wa Kusini kutoka Ruangwa, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu wao wa kwanza tu wakafika fainali ya kombe la shirikisho la nyumbani. Walifungwa na Simba 2-1 pale Sumbawanga, Agosti 2, 2020. Hata hivyo msimu uliofuata walicheza Kombe la Shirikisho Afrika. Msomaji anapiga hesabu: aliyekwenda Afrika ni bingwa, basi Namungo walichukua kombe. Anabadilisha.

Kilichowapeleka Afrika ni kanuni. Simba walikuwa na ubingwa wa ligi pia, wakaenda Ligi ya Mabingwa, na nafasi ya kombe ikamwangukia aliyefungwa fainali. Ukiandika matokeo bila kueleza kanuni, kosa litajirudia kila mwaka hata ulifute mara kumi. Sentensi moja ya sababu inalinda ukurasa kuliko mlinzi yeyote.

Safari yao hiyo ina kosa jingine linalopenda kurudi. Kabla ya makundi walikutana na 1º de Agosto ya Angola, wakasonga kwa jumla ya mabao 7-5: walishinda 6-2, wakafungwa 3-1. Jedwali linaonyesha mwenyeji na mgeni, kwa hiyo mtu anaandika kwamba mechi moja ilichezwa Luanda. Haikuchezwa. Mechi zote mbili zilipigwa Dar es Salaam, baada ya safari ya Luanda kukwama kwa mambo ya corona. Kwenye jedwali la mechi za namna hii weka maelezo mafupi chini, na uyaweke siku ileile unayoingiza matokeo. Baada ya hapo waliingia kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na hapo kumbukumbu ziko wazi, hazina ubishi.

Nimechapisha, lakini sioni mabadiliko

Pitia kwa mpangilio huu. Kwanza fungua historia ya ukurasa. Kama badiliko lako halimo, halikuchapishwa. Kwa simu, mtandao ukikata pale unapobonyeza, ukurasa unabaki wazi kana kwamba umekubali. Nakili maandishi yako kabla ya kubonyeza, hasa jioni wakati mtandao unapokuwa mzito.

Kama limo kwenye historia lakini huoni kwenye ukurasa, unatazama nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Ongeza ?action=purge mwishoni mwa anwani ya ukurasa, thibitisha, kisha ufungue upya.

Kama maelezo yamebadilika ila kisanduku hakijabadilika, huenda namba haimo kwenye ukurasa kabisa. Baadhi ya visanduku huvuta habari kutoka Wikidata, hifadhi ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, kwa hiyo utatafuta namba kwenye hali ya kuhariri usiione. Nenda kwenye kipengele cha Wikidata cha mtu huyo au klabu hiyo urekebishe huko, ukiweka na chanzo. Na kama ni msimamo wa ligi, mara nyingi umewekwa kwenye kigezo kinachotumika kurasa nyingi. Ukikigusa, umezigusa zote, basi hakiki mara mbili.

Badiliko langu limetenguliwa

Usitengue aliyetengua. Soma muhtasari wake kwanza. Sababu ya kawaida ni kukosekana kwa chanzo, na hilo si tusi. "Nimeona kwa macho yangu Uwanja wa Nangwanda Sijaona" ni kweli yako, ila msomaji wa Mwanza hana njia ya kuihakiki. Weka taarifa ya TFF, Bodi ya Ligi, au gazeti, yenye tarehe.

Sababu ya pili ni usajili. Jina la mchezaji likivuma mitandaoni, watu hukimbilia kubadilisha klabu kabla klabu yenyewe haijatangaza. Mimi husubiri tangazo la klabu. Kuchelewa siku mbili hakumuumizi mtu, lakini kumhamisha mtu aliye hai kwenda timu ambayo hajasaini ni kumsingizia.

Ya tatu ni ushabiki, na hapo nenda ukurasa wa majadiliano. Andika kwa heshima, mwite mwenzako ndugu, weka vyanzo vyako mezani, subiri. Ukitengua mara mbili na yeye mara mbili, mwacheni mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, aamue. Nina marafiki wawili wa kudumu, mmoja Nachingwea na mmoja Newala, ambao nilianza nao kwa ugomvi wa mfungaji bora wa 2022/23. Mmoja aliandika Mayele, mwingine Saido Ntibazonkiza. Wachezaji hao walimaliza wakiwa na mabao 17 kila mmoja.

Tarehe au saa ya mechi imekosewa

Historia ya ukurasa huonyesha saa za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, isipokuwa umebadilisha kwenye mapendekezo yako. Ndiyo maana badiliko la saa 8 usiku Jumapili linaonekana limefanywa Jumamosi. Kwenye saa ya kuanza mechi, tatizo ni lugha yetu: tangazo la "saa 1:00 usiku" ni 19:00, na mtu akiliingiza kama 1:00 au 13:00, jedwali zima linayumba. Kwenye jedwali tumia mtindo wa saa 24, kwenye maelezo andika kwa Kiswahili na utaje asubuhi, mchana au usiku.

Jambo nalijua, lakini hakuna palipoandikwa

Hii ndiyo dalili inayoniuma, na haina dawa ya haraka. Simba na Yanga wana magazeti kila asubuhi. Timu za Masasi, Liwale, Kilwa na Tandahimba zimecheza miaka na miaka, na kumbukumbu zake ziko vichwani mwa wazee.

Usiandike kwenye ukurasa jambo ulilosikia tu, hata kama msimulizi unamwamini. Wala usiliache lipotee. Lipeleke kwenye ukurasa wa majadiliano, chini ya kichwa "Inatafutiwa chanzo", ukitaja timu, uwanja, msimu na mashindano kwa kadiri msimulizi anavyokumbuka, bila jina lake. Kumbukumbu ya mzee inakupa mahali pa kuchimba. Mzee akisema "ulikuwa mwaka wa korosho nyingi, kabla ya Ramadhani", umeshapata miezi michache ya kupekua badala ya miaka kumi. Halafu tafuta magazeti ya zamani, Uhuru na Mzalendo hasa, kwenye maktaba au kwa watu waliohifadhi. Ukilipata, piga picha ukurasa mzima pamoja na tarehe ya juu, si kile kipande cha habari pekee, maana kipande bila tarehe hakikusaidii kitu.

Yule mzee wa Mikindani ameshanipa mechi nne kwa njia hii. Mbili nimezipata gazetini, na kwenye moja alikosea mfungaji lakini matokeo alipatia. Nilipomwambia, alitikisa kichwa, akasema huyo aliyeandikwa ndiye aliyetoa pasi. Sijambishia. Nimeandika kama gazeti lilivyosema, na maneno yake nimeyaweka kwenye majadiliano. Mechi mbili zilizobaki bado ziko chini ya "Inatafutiwa chanzo". Moja ni ya Uwanja wa Ilulu, Lindi, na kama nyumbani kwenu kuna sanduku la magazeti ya zamani ambayo bibi anafungia vitu, tafadhali yaangalieni kwanza kabla hayajaisha.